Doa la Zambarau Kwenye Kioo

Watu wengi, wakiisikia methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone," hufikiri habari za chungu tu. Hudhani wahenga walimsifu mgeni kwa sababu siku anapofika ndipo kuku hukatwa shingo, na watoto wa nyumba hiyo, waliokula mboga juma zima, hupata kulamba vidole. Maana hiyo si ya uongo, lakini ni ndogo. Wahenga hawakusema "mwenyeji ashibe", walisema "apone". Na anayehitaji kupona ni yule aliye mgonjwa, hata kama mwenyewe hajui aumwa nini. Mwenyeji huizoea nyumba yake hata asiione tena. Mgeni huja akajikwaa mahali ambapo mwenyeji huruka kila siku bila kufikiri, na kwa kujikwaa kwake jambo lililofichika hujulikana. Habari ifuatayo yatosha kuwa ushahidi.

Palikuwa na mtu mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Picha. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Mbele palikuwa na kaunta ambapo mkewe alipokea wateja, na nyuma ya kaunta palikuwa na printa, pasi ya kubandikia karatasi za nailoni, na meza ya mbao iliyosukumwa mpaka ukutani. Juu ya meza hiyo ilikaa kompyuta yenye monita ya zamani, ile ya kichogo, nzito kama gunia la saruji, ambayo wenzake walikwisha kuitupa miaka mingi. Ukuta uliokuwa nyuma ya monita haukuwa wa matofali. Ulikuwa wa plaiwudi nyembamba, na upande wake wa pili palikuwa na stoo, kisha vyumba viwili walimoishi yeye, mkewe na watoto wao watatu.

Kazi yake hasa ilikuwa kurekebisha rangi. Picha ikiletwa kwake, uso wa mtu ukiwa umefifia au umeiva kupita kiasi, yeye huitazama kwenye kioo, akapunguza wekundu huku, akaongeza kivuli kule, hata yule mtu akarudi kuwa kama mama yake amjuavyo. "Kamera ni mwongo," alizoea kusema. "Mimi ndiye ninayeitubisha." Alikataa vioo vipya bapa hata alipopewa vya kujaribia, kwani aliona vinapaka kila uso maziwa. Aliiamini monita yake ya kichogo, na zaidi ya hiyo aliyaamini macho yake.

Jumamosi moja asubuhi ilisikika hodi ya sauti nzito kidogo. Alikuwa Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake Fundi, mshonaji wa mkono aliyekuwa amemlea Fundi alipokuwa mdogo. Alishika fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili alibeba furushi na kopo la vifaa vyake vya kushonea.

"Nimekuja kuwasumbua," alisema kabla hata ya kuketi. "Nyonga hii imekataa amri. Hospitali yenu hapa wameniandikia mazoezi kila Jumatatu, Jumatatu sita."

"Usumbufu gani, mama? Hapa ni kwako," alijibu Fundi, na alimaanisha.

Mkewe naye alimkaribisha, akamwandalia maji ya kuoga, lakini moyoni alihesabu vyumba. Havikuwa zaidi ya viwili. Basi yeye na mumewe waliingia stoo, wakasukuma makorokoro kandokando mwa kuta hata pakapatikana nafasi ya godoro moja la mgeni. Huyu hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke aliyechoka, na uchovu ukikaa sana mwilini huvaa nguo za ubaya.

Jumatatu iliyofuata Fundi alipata kazi ambayo hakuwahi kuipata tangu afungue duka. Mkuu wa chuo cha uuguzi kilichokuwa jirani, mama mmoja mrefu aliyetembea wima kama rula, alimkabidhi picha za wahitimu arobaini na wawili. Zilitakiwa zirekebishwe, zichapwe kwa ukubwa wa kutosha, na zitundikwe katika ukumbi wa chuo siku ya mahafali mbele ya wazazi wote. Chini ya kila picha lingeandikwa jina la aliyeitengeneza. Fundi alifanya kazi hiyo majuma mawili kwa bidii ya mchwa. Alipoona uso mmoja umezidi wekundu wa zambarau, aliupunguza. Aliyefuata naye alikuwa hivyo hivyo, akampunguzia. Alishangaa kidogo kwamba kamera ya chuo ilipenda zambarau kiasi kile, lakini mkono uliokwisha kuanza kazi hausubiri mshangao. Zilipokamilika alizifunga katika bahasha akazipeleka.

Jumatatu ya tatu, mkuu wa chuo aliingia dukani na bahasha ile ile. Hakusalimu mpaka alipozipanga picha juu ya kaunta moja baada ya moja, kama mtu anayegawa karata.

"Fundi," alisema, "nilikuletea wauguzi arobaini na wawili. Umenirudishia wagonjwa."

Fundi aliinama kutazama. Mkewe naye aliinama.

"Huyu ana nyongo," mkuu wa chuo aliendelea, akigusa picha kwa ncha ya kidole. "Huyu safura. Na huyu hapa, kwa rangi hii, ningemlaza wodini leo leo bila kungoja vipimo."

Ilikuwa kweli. Nyuso zote zilikuwa na umanjano uliochanganyika na ukijani, kama maembe yaliyochumwa kabla ya siku zake.

"Mama, kwenye kioo zilikuwa sawa."

"Wazazi hawatatazama kioo chako, watatazama ukuta wangu. Wamo waliojinyima miaka mitatu ili binti afike hapo. Siwezi kumwonyesha mzazi mtoto wake amegeuka limau." Kisha sauti yake ikalegea kidogo. "Nimekuletea wewe kwa sababu picha ya marehemu mume wangu ulinitengenezea wewe, na kila siku huniangalia kama alivyokuwa. Nakupa mpaka Ijumaa adhuhuri. Zikiwa hivi tena, nitampa yule wa ng'ambo ya barabara, na tusilaumiane."

Alipoondoka, Fundi aliketi mbele ya monita yake, akaitazama kama mtu anavyomtazama rafiki aliyemtolea ushahidi wa uongo. Sasa, kwa kuwa alitafuta kosa, aliliona. Palikuwa na doa la zambarau lililoanzia katikati ya kioo likatanda upande wa kushoto, na upande wa kulia palikuwa na ukijani hafifu kama wa maji yaliyotuama. Alimchukua muuguzi wa kwanza, katika picha ya asili ambayo hakuwa ameirekebisha, akamburuta polepole kwa kipanya kutoka pembe moja hadi nyingine. Binti aligeuka rangi mara tatu kama kinyonga. Halafu Fundi alifanya jambo ambalo hakutaka mtu alione. Aliweka kiganja chake karibu na kioo, akafumba jicho la kulia, akatazama. Akafumba la kushoto, akatazama tena.

Mama Mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni akitoka kwenye mazoezi yake, alimwona.

"Mwanangu, wautafutia nini mkono wako?"

"Hamna kitu, mama," alijibu haraka na kuuficha mfukoni. Lakini lilikuwapo jambo. Baba yake alianza kupoteza macho akiwa na umri kama wake, na mtu wa rangi aliyeharibikiwa na macho ni kama mpiga ngoma aliyekatwa mikono. Woga huo hakumwambia mkewe. Aliona afadhali kosa liwe la mashine.

Basi kesho yake alimwita kijana mmoja hodari wa kutengeneza kompyuta, ambaye kwa vile hakuachana na kifaa chake cha kufungulia skrubu, hata kanisani alionekana nacho mfukoni, watu walimpa jina la Bisibisi.

"Shikamoo, mzee," alisema Bisibisi, akaizunguka monita. "Hii ilizaliwa kabla yangu."

"Marahaba. Na itakuzika. Fanya kazi."

Bisibisi hakuwa mtu wa ubabaishaji. Alianza na waya. Aliuchomoa nyuma ya kompyuta, akautazama kichwa chake kwa tochi, akieleza kwamba picha yote hujengwa kwa rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila moja hupita katika kijiti chake kidogo cha chuma. Kijiti kimoja kikipinda, rangi moja hukosa njia na zile mbili hutawala. Vijiti vyote vilisimama wima. Alibadilisha waya, doa likabaki. Alipima umeme, haukuwa na neno. Alipekua orodha ya marekebisho ndani ya monita, akaongeza hiki na kupunguza kile. Doa likabadilika sura bila kuondoka, mfano wa mdeni mwenye visingizio vingi. Mwisho alibonyeza kitufe cha kukisafisha kioo, picha ikatikisika kama maji yaliyotupiwa jiwe. Doa lilipungua, wote wakashusha pumzi, kisha likarudi kukaa mahali pake.

"Nitaichukua nikaifungue kwangu," alisema. "Huenda ni uzee wa ndani."

"Uzee si ugonjwa," alijibu Fundi kwa ukali uliowashangaza wote wawili.

Jumatano duka lilikaa bila kioo. Mchana, mkewe Fundi, alipodhani wapo peke yao, alimsogelea mumewe.

"Baba Watoto, mimi sisemi kitu."

"Vizuri."

"Ila hesabu mwenyewe. Mgeni alifika lini, na rangi ziliharibika lini?"

"Mama Watoto, acha maneno hayo."

"Nimekwambia sisemi kitu. Nakuomba uhesabu tu. Miaka yote hii kioo hiki hakijawahi kuugua hata mafua. Anaingia mtu mlangoni na furushi, juma hilo hilo nyuso zinageuka. Wenye akili huita hiyo nini?"

"Ni dada wa mama yangu."

"Na hawa watatu ni watoto wako. Duka likifungwa, watakula udugu?"

Lakini plaiwudi, kama tulivyokwisha kusema, ilikuwa nyembamba. Upande wa pili Mama Mkubwa alikuwa ameketi juu ya godoro, akipinda upindo wa sketi ya shule ya mjukuu wake wa kati. Alisikia kila neno. Hakulia, wala hakuita. Alimaliza upindo ule, akakata uzi, akaikunja sketi vizuri na kuiweka pembeni. Kisha akaanza kukunja nguo zake mwenyewe. Jumatatu tatu za mazoezi zilikuwa zimebaki, lakini alijiambia kwamba nyonga inaweza kuvumilia kuliko ndoa.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Bisibisi alirudi akiibeba monita kifuani, jasho likimtiririka, uso umejaa ushindi.

"Mzee, nimeiwasha tangu asubuhi. Safi kama yai. Sikukuta ubovu wowote, nimefuta vumbi tu."

Waliiweka mezani, wakaichomeka, wakaiwasha. Kabla hata mkewe Fundi hajamaliza kusema "Mungu mkubwa," doa la zambarau lilijitokeza katikati ya kioo, likatanda kushoto kama mgeni anayekijua kiti chake.

"Kwangu ilikuwa nzima!" alilia Bisibisi.

"Kwako nzima, kwangu mbovu. Basi umeifanya nini njiani?"

"Mzee, unaniita mwizi wa vipuri?"

"Sijakuita. Umeitika mwenyewe."

"Nimeibeba mtaa mzima kama mtoto mchanga, halafu..."

"Ungeibeba kama mtoto isingerudi na homa!"

Hapo ndipo Mama Mkubwa alipotokea, amejifunga kitambaa cha safari, fimbo mkono huu na furushi mkono ule. Bisibisi aliona mtu mzima, akanyamaza na kumwamkia. Fundi aliona furushi, akausahau ugomvi. Mkewe aliona furushi pia, akatazama sakafu.

"Marahaba, mwanangu," Mama Mkubwa alimjibu Bisibisi. "Ugomvi wa nini? Mtu akipita hapo nje atadhani mnagawana urithi."

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza Fundi.

"Nimekuja kuaga. Lakini mtu haagi watu wanaopigana. Nielezeni kwanza, niage baadaye."

Walimweleza, huyu akidakia na yule akikatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea kaunta ili kuipumzisha nyonga, macho yake yakitoka kwenye monita kwenda kwa kijana na kurudi kwa mwanawe. Kisha akauliza swali moja tu.

"Kwako wewe kijana, mashine hii haikuugua hata kidogo?"

"Hata kidogo, bibi. Naapa."

"Na hapa imeugua mara tu ilipoingia?"

"Kabla haijapata joto."

"Basi mwagombana bure. Nimelea watoto saba, wangu na wa wenzangu, na huyu mmoja wao. Mtoto anayelia kwenu na kunyamaza kwa jirani, hukagui tumbo lake. Unakagua nyumba."

Bisibisi alijipiga paji la uso kwa kiganja hata mlio ukasikika.

"Sumaku!" alisema. "Mzee, hapa karibu pana sumaku. Ndani ya kioo hiki rangi hurushwa kwa mishale isiyoonekana, kila mshale una shabaha yake. Sumaku huivuta, ikakosa shabaha. Redio iko wapi? Una spika hapa mezani?"

"Spika nilikuwa nazo nilipokuwa napiga muziki harusini. Siku hizi sina."

Walitafuta. Waliondoa kila kitu mezani mpaka kikombe cha kalamu. Walichomoa simu. Walivuta droo. Bisibisi aliingia chini ya meza kwa magoti, akapapasa nyaya na buibui, akatoka na vumbi kwenye nyusi bila kitu kingine. Doa lilikuwa pale pale.

"Niulize jambo la kijinga," Mama Mkubwa alisema. "Hiyo sumaku mnayoitafuta ndiyo ile inayonasa sindano?"

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi."

"Basi mwayachosha magoti yenu. Mimi nimelala nayo majuma matatu."

Waliingia stoo wote wanne, wakabanana kama njiti za kiberiti. Kichwani pa godoro, ikiwa imeegemezwa kwenye plaiwudi, palikuwa na spika moja kuukuu, pana kama sinia. Sanduku lake lililiwa na mchwa zamani, ikabaki uchi, na pete yake nene ya chuma ilikuwa imegusa ukuta ule mwembamba. Ubavuni mwa pete hiyo zilisimama sindano tisa kwa safu, kubwa kwa ndogo, na chini yake ulining'inia mkasi bila msumari wala uzi.

"Sikuwa na kimto cha kuchomekea sindano," alisema Mama Mkubwa. "Siku ya kwanza nilidondosha moja, nikaikuta imejishika hapo. Nikasema, watu wema hawa, wameniwekea na chombo."

Bisibisi alipima kwa mkono kutoka mlangoni, akaenda dukani akapima tena. Pete ya chuma na kichogo cha monita viliangaliana uso kwa uso, na baina yao hapakuwa na kitu isipokuwa unene wa kidole.

"Ni mimi," alisema mkewe Fundi, kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyeisukuma pale siku ile, ili godoro lienee."

Fundi na Bisibisi waliinyanyua spika, wakaipeleka uani hadi pembe ya mbali kabisa, kisha wakarudi mbio kama watoto waliosikia kengele. Lakini kioo kilikuwa na doa lile lile.

Fundi alijitupa kitini. "Basi ni macho yangu," alisema.

"Macho gani?" aliuliza mkewe.

"Macho yangu, Mama Watoto. Tangu Jumatatu najua. Ni kama ya baba. Naona zambarau pasipo na zambarau."

"Mbona mimi pia naiona?" alisema mkewe. Alisogea, akainama karibu na kioo, akaonyesha kwa kidole. "Inaanzia hapa, inaishia hapa. Kulia kuna kijani. Tangu Jumatatu waumia peke yako kwa jambo ambalo ungeniuliza mara moja tu?"

Fundi alimtazama mkewe. Bisibisi alikohoa kwa adabu.

"Mzee, macho yako ni mazima. Sumaku imekwenda, lakini kioo kimeshika tabia yake, kama sufuria inavyoshika harufu ya moshi. Tukizime kipumzike, tukiwashe, tukizime tena. Hapo kitajisafisha."

Walikizima. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kama kwaresima. Walipokiwasha, monita ilitoa mvumo mzito, picha ikatikisika, na doa likarudi nyuma hadi pembeni. Walikipumzisha tena. Mara ya pili likabaki kama alama ya chai kwenye kitambaa. Mara ya tatu mvumo uliponyamaza, muuguzi wa kwanza alikuwa amekaa katikati ya kioo, mweusi wa kupendeza, kola nyeupe pee, akitazama mbele kama mtu aliye tayari kupewa zamu. Fundi alimburuta kushoto, akamburuta kulia. Hakugeuka.

Kazi ya majuma mawili ilipaswa kurudiwa kwa muda usiofika siku moja. Mkewe alimpangia picha kwa majina na kukata karatasi. Bisibisi, ambaye angeweza kwenda zake, alikaa kuilisha printa. Mama Mkubwa alipewa kiti karibu na mlango, na kila picha iliyotoka ilipita mikononi mwake kwanza. "Huyu mzima," alisema. "Huyu mzima. Huyu mrudishie rangi kidogo, amechoka." Wala hawakumbishia.

Ijumaa, saa tano na nusu, mkuu wa chuo aliingia. Alizipanga tena juu ya kaunta, zote arobaini na mbili. Alizipitia kama apitavyo wodini, akisimama kitanda kwa kitanda. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Fundi," alisema, "hawa wamepona. Sasa naweza kuwapeleka kazini. Umewatibu kwa dawa gani?"

"Mimi sikuwatibu. Muulize daktari wao, yule pale kwenye kiti."

Mkuu wa chuo alimtazama bibi mwenye fimbo, akampa mkono kwa heshima ingawa hakuelewa, akabeba bahasha yake na kuondoka akitembea wima.

Duka lilipotulia, Mama Mkubwa alijiinua na kuliendea furushi lake. Mkewe Fundi aliwahi kulishika.

"Mama, Jumatatu una mazoezi."

"Nitakwenda nikitokea kwangu."

"Kwako ni mbali, na nyonga hiyo ni ya kwetu sote." Akatazama chini. "Nisamehe. Juzi nilihesabu vibaya, na najua ulisikia."

Mama Mkubwa alicheka, kicheko kifupi kisicho na kinyongo.

"Hukuhesabu vibaya, mwanangu. Rangi ziliharibika nilipokuja, ni kweli kabisa. Kama nisingekuja, ile spika isingesogezwa. Ila wewe uliishia njiani ukadhani umepata jibu."

Mkewe Fundi alilifungua furushi pale pale juu ya kaunta, akatoa nguo moja baada ya nyingine, akazipeleka chumbani kwa watoto, ambako ndiko alikomtandikia tangu siku hiyo. Jumatatu tatu zilizobaki, Mama Mkubwa alikwenda hospitali akiliegemea bega la mkaza mwanawe, na majirani waliowaona hawakuweza kujua ni nani kati yao aliyemzaa mwenzake. Mama Mkubwa alimjia Fundi kama mtu wa kuhifadhiwa, kumbe yeye ndiye aliyelihifadhi duka lake. Mkewe alidhani ameletewa mzigo, kumbe ameletewa jicho. Hivyo basi, yeyote atakayesikia hodi mlangoni mwake siku ya dhiki na asifikirie ila ufinyu wa vyumba, na akumbuke nyuso zile arobaini na mbili, kisha afungue mlango na kusema kwa moyo mweupe: mgeni njoo, mwenyeji apone.